Shajara ya mkweche: BMW E36 kuelekea Mid-Ohio

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Limefika. Tumelishusha kwenye trela kwa kulisukuma, mimi na shemeji yangu, huku mke wangu akituangalia dirishani bila kusema neno. BMW 325is ya 1994, milango miwili, lile umbo ambalo mafundi wanaliita E36. Nimelilipia dola 2,800. Ngozi ya viti imechanika, kitambaa cha dari kimeshuka mpaka kinamkalia dereva kichwani, kioo cha kulia kikishuka hakipandi. Kwa kifupi, mkweche.

Hayo hayakunisumbua kwa sababu yote yanaenda kutupwa. Nilipokwenda kulikagua nilichukua tochi nikaangalia vitu vitatu: minara ya shokapu za nyuma, mahali mikono ya ekseli ya nyuma inaposhika bodi, na nati za kava la juu ya silinda hedi, kama kuna alama za spana. Hapa Ohio, Marekani, kila kipupwe wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula gari kutokea chini kama mchwa kwenye mlango wa mninga bandia. Hili limeishi Georgia, jimbo la kusini lenye joto, miaka mingi. Chini ni kavu. Hedi haijawahi kuguswa.

Mpango ni kulifanya gari la mbio za viwanja vya lami na kulipeleka uwanja wa Mid-Ohio, mbio za wasiolipwa, daraja la Improved Touring la SCCA (Sports Car Club of America). Hiyo ni klabu ya tangu 1944 na wanachama wake wengi ni watu kama mimi, wenye kazi zao za wiki nzima, wanaokwenda kushindana Jumamosi na Jumapili kwa pesa za mfukoni. Nimelichagua daraja hili kwa sababu linakubana. Camshafti, vyuma vinavyofungua vali za injini, zibaki za kiwandani. Dashibodi ibaki. Matairi yawe ya aina iliyothibitishwa kwa barabara. Ukitaka kushinda kwa pesa utapata tabu kidogo.

Shemeji ameuliza lile swali: "Shem, hili lina farasi wangapi?" Nimemwambia 189, kama lilivyotoka kiwandani, pengine sasa wamebaki pungufu. "Na likishakuwa la mbio?" Wale wale. Ameniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jumapili, 22 Oktoba

Siku ya kubomoa. Betri imetolewa tangu jana usiku ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe kabla sijashika usukani. Hilo si jambo la kufanyia mzaha; ule mfuko unafyatuka kwa baruti.

Tumeng'oa viti vyote, zulia, mikanda ya zamani, spika, kisanduku cha sidii kwenye buti, dari, vitambaa vya milango. Kila kitu kimepita kwenye mzani wa bafuni kabla ya kwenda banda la nyuma, na shemeji ndiye karani. Kiti cha mbele chenye mota kimetushangaza wote. Lakini bingwa ni dirisha la darini: kioo, reli, mota na sinia lake la chuma, kilo 21 kwa mzani wetu, na zote zilikuwa zimekaa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa ya gari. Gari likipinda kona, uzito wa juu ndio unaolilaza. Tutaziba tundu kwa bati.

Jumla ya leo kilo 138. Bado lami ya sakafuni.

Mama alipiga simu ya video kutoka Tanga wakati nimekaa juu ya ndoo ndani ya gari tupu. Akaangalia kwanza. "Mwanangu, sasa hili wajukuu zangu watakaa wapi?" Nikamwambia hakuna atakayekaa ila mimi. Akamwita dada yangu aje aone.

Jumamosi, 11 Novemba

Lami ya kuzuia kelele imetoka. Wapo wanaoipasha moto na kuikwangua, wanamaliza wiki. Sisi tumenunua barafu kavu, ile hewa ya kaboni iliyogandishwa, nyuzi 78 chini ya sifuri. Unaimwaga sakafuni, unasubiri dakika kumi, unagonga kwa nyundo ya mpira na lami inapasuka vipande kama sahani ya udongo. Milango ya gereji iwe wazi, kwa sababu hewa ile inajaa chini na kufukuza oksijeni. Kilo 9 na nusu.

Jumamosi, 25 Novemba

Nitaandika kwa kirefu kuhusu nati moja.

Injini ya gari hili inaitwa M50: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,494, bloku ya chuma, hedi ya alumini. Ni injini ngumu. Baba, aliyekuwa na gereji bubu chini ya mwarobaini kule Tanga, alikuwa na kauli yake kwa wateja waliotaka injini ifunguliwe bila sababu: "Yenyewe imelalamika?" Basi hii hailalamiki, mgandamizo wa silinda zote sita umepishana kidogo sana, na nisingeifungua. Ila kuna kitu kimoja ambacho hakilalamiki kabla ya kuua.

Pampu ya oili iko mbele chini, inazungushwa na mnyororo kutoka krenki. Gia ya pampu imeshikwa na nati moja. Nati hiyo inafunguka kinyume, yaani unaizungusha upande ambao nati nyingine zote duniani unazifunga. Kwenye matumizi ya barabarani inaweza kukaa miaka thelathini. Kwenye mbio, injini inapokaa juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika kila mara, mtetemo unailegeza. Ikitoka, gia inachomoka, presha ya oili inakuwa sifuri, na kabla hujasoma taa kwenye dashibodi injini imenoki.

Kuifikia ni kazi ya siku mbili. Oili inamwagwa. Injini inaning'inizwa kutoka juu kwa mtambo unaolala juu ya mbawa za gari. Fremu ya mbele inashushwa pamoja na mfumo wa usukani, ndipo sampu, lile karai la oili chini ya injini, inapopata nafasi ya kutoka. Nimelala chini tangu saa mbili asubuhi, mgongo juu ya katoni, matone ya oili ya mwenye gari wa zamani yananidondokea kwenye nyusi.

Nilipoishika kwa spana haikuwa imelegea kwa mkono, nisiseme uongo. Lakini ilikubali mapema mno. Nati ya namna hii inatakiwa ikubishie.

Nimeweka mpya, gundi ya nati, kisha nimeitoboa pembeni na kuifunga kwa waya wa kusuka, kama wanavyofunga mafundi wa ndege, ili ikitaka kulegea ikute imefungwa kamba. Ndani ya sampu nimechomelea kuta ndogo zenye vilango ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona ndefu na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Gasketi mpya, na kwenye pembe zile ambapo kava la mnyororo linakutana na bloku, nikapaka silikoni nyekundu. Nilikuwa nimechoka. Nilipaka ya kutosha na ya kuzidi.

Nati: dola 6. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya kiufundi niliyoifanya kwenye injini mpaka sasa.

Jumamosi, 16 Desemba

Kizimba kimeanza. Kizimba ni mifupa ya mabomba inayojengwa ndani ya gari ili likibiringika paa lisimshukie dereva. Wengi wananunua vya kufunga kwa bolti. Mimi nimekwenda kwa mzee mmoja wa Uvira, Mkongo, anayechomelea matangi ya maziwa hapa mjini siku za kazi. Tumejuana msikitini kupitia jamaa wa Burundi. Ana miaka sitini na kitu na mkono hautetemeki.

Mabomba ni ya chuma kilichovutwa baridi, yasiyo na mshono, upana inchi 1.75, unene wa ukuta inchi 0.095. Mkaguzi hatachukua neno lako. Unaacha katundu kadogo kwenye bomba kuu ili apime unene mwenyewe. Kila mguu wa kizimba unasimama juu ya bamba lililochomelewa sakafuni, maana bomba peke yake kwenye bati la sakafu litatoboa kama mchi kwenye chungu.

Tatizo la kizimba kizuri ni kwamba kinabana paa. Kadiri bomba linavyokaa karibu na paa ndivyo kichwa chako kinavyopata nafasi, na ndivyo mkono wa fundi unavyokosa nafasi ya kuzungusha uchomeleaji juu. Mzee alitoa suluhisho bila kuulizwa: kata matundu sakafuni, shusha miguu ya bomba kuu ipite chini ya gari, kizimba kizima kinashuka kiasi cha mkono, chomelea juu yote kwa utulivu, pandisha tena, ziba matundu kwa yale mabamba. Nilikuwa nimesoma kwamba hivyo ndivyo karakana za mbio zinavyofanya. Yeye hajawahi kuona gari la mbio. Amefikiria tu.

Nikawa namharakisha kwa sababu giza linaingia saa kumi na moja. Akavua kofia ya kuchomelea, akaniambia taratibu: "Mudogo wangu, wacha. Chuma inasikiaka baridi sawa mutu." Akapasha joto kiungo kwanza, ndipo akachomelea. Gereji ilikuwa nyuzi mbili tu juu ya sifuri.

(Naongeza mwishoni mwa Januari: maneno yale ningeyatilia maanani, ningekuwa nimeokoa karibu dola 400.)

Jumamosi, 6 Januari 2024

Kizimba kimekwisha na kimepakwa rangi ya kijivu. Mzee amekataa malipo ya siku ya mwisho, akachukua viti vya ngozi vilivyochanika. Anasema atatengeneza kochi.

Leo mfumo wa kupoza maji. Hapa ndipo E36 nyingi hufia, barabarani na uwanjani. Kiwanda kilijaza plastiki: feni ya ndani ya pampu ya maji ni ya plastiki, nyumba ya thamostati ni ya plastiki, shingo ya rejeta ni ya plastiki. Plastiki inayopikwa na kupoa kwa miaka thelathini inakuwa kama biskuti. Ile shingo imenivunjikia mkononi wakati natoa bomba, bila nguvu yoyote. Nimeweka pampu yenye feni ya chuma, nyumba ya thamostati ya alumini, rejeta nzima ya alumini, mabomba mapya.

Jambo jingine ambalo wenye E36 wa Dar na Nairobi wafahamu: mshale wa joto kwenye dashibodi unadanganya kwa makusudi. Umetengenezwa usimame katikati katika upana mkubwa wa joto ili mteja asipate wasiwasi. Ukianza kusogea kwenda nyekundu, injini imeshachemsha, na hedi ya alumini haisamehe. Nimefunga geji tofauti yenye namba, na taa ya saizi ya nyanya inayowaka maji yakifika nyuzi 105.

Nimejaza maji ya bomba kupima kama kuna panapovuja. Hakuna. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 20 Januari

Sikulitoa maji.

Naliandika hivyo hivyo maana hakuna namna ya kulipamba. Uwanjani hawataki dawa ya kuzuia kuganda ndani ya rejeta. Ikimwagika kwenye lami inateleza na haikauki upesi. Kwa hiyo gari la mbio linatembea na maji matupu, na mtu mwenye akili hapa kaskazini anayamwaga kabla ya baridi. Mimi nimekulia Tanga. Kwetu maji yanakuwa barafu kwa kukusudia, ndani ya friji, ili uuze.

Katikati ya wiki hii baridi ilishuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, usiku kadhaa mfululizo. Gereji haina hita. Alhamisi nilirudi kazini, nikaingia kutafuta spana ya namba 13, nikaona rejeta yangu mpya imevimba tumbo kama samaki wa bunju. Mshono wa pembeni umefunguka urefu wa kidole. Chini ya gari kulikuwa na kisahani cha chuma kinachong'aa kama sarafu: kizibo cha bloku kimesukumwa nje na barafu.

Nilikaa kwenye ndoo. Bloku ya chuma ikipasuka hakuna kuchomelea, ni injini nyingine.

Tumeiyeyusha taratibu kwa hita ya umeme ya kuazima, siku nzima, bila moto wa karibu. Leo nimeweka kizibo kipya, nimefunga matundu yote na kuujaza mfumo hewa yenye presha, nikapaka maji ya sabuni kila mahali ninapofikika na kioo cha meno kwa pale nisipofikika. Dakika thelathini. Sindano ya presha haikusogea. Vile vizibo kazi yake ya asili ni kuziba matundu ya kiwandani ya kutolea mchanga wa kalibu, lakini safari hii kimoja kimekubali kutoka ili bloku isipasuke. Nimekiweka juu ya meza ya ofisini.

Rejeta ya pili: dola 389. Mke wangu ameuliza ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani. Nimemwambia ukweli. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 17 Februari

Mwezi wa bushi. Raba zote za miguu ya nyuma nimezitoa na kuweka za plastiki ngumu. Za mikono ya nyuma zilikuwa zimeoza kiasi kwamba tairi lilikuwa linajiendesha lenyewe. Minara ya shokapu za nyuma imeongezewa bamba, maana kwenye gari hili bati la pale hupasuka. Springi ngumu, shokapu za kurekebishika.

Raba za kushikia injini na giaboksi nazo nimebadili, kwa sababu ambayo si ya kasi. Zikiwa laini, kwenye kona giaboksi inahama upande, na mkono wa dereva unaotoka gia ya tatu kwenda ya nne unaikuta ya pili. Injini inalazimishwa kuzunguka kupita uwezo wake, vali zinagonga pistoni. Madereva wa hapa wanaiita gia ya hela. Ukiikosea, unalipa.

Jumamosi, 16 Machi

Ramadhani, siku ya sita. Kugrenda ukiwa umefunga ni adhabu, vumbi la chuma linakaa kooni na hakuna maji. Nimejipangia kazi za kukaa: nyaya. Nimetoa mzigo wa nyaya ambazo hazina kazi tena, za viti, redio, taa za ndani, na kuweka lebo zilizobaki. Kufuli la usukani limetolewa, sheria inataka hivyo, ufunguo usije ukafunga usukani gari likiwa mwendoni.

Kiti cha mbio, mkanda wa ncha sita, wavu wa dirishani, mtungi wa kuzimia moto wenye mabomba mawili, moja kwa dereva na moja kwa injini. Kofia yenye alama ya Snell SA2020, kipimo cha usalama cha kofia za mbio. Kizuizi cha shingo, kile kinachokaa mabegani na kuungwa na kofia kwa kamba, ili gari likisimama ghafla kichwa kisiendelee na safari peke yake. Hapa ndipo pesa ilipo. Mpaka leo mradi umekula dola 9,400 pamoja na bei ya gari; injini yenyewe haijafika 700 ukitoa ile rejeta iliyopasuka. Sitaki hata kupunguza. Ukiacha gari lenyewe, kitu pekee nilichonunua kilichotumika ni trela.

Adhana ilipita saa moja na dakika arobaini jioni. Tende, uji wa pilipili manga, sambusa mbili, swala, kisha wote tukashuka gereji, watoto wakiwa wameziba masikio kabla ya kitu kutokea. Nimezungusha injini kwanza bila moto mpaka geji ya oili ikaamka. Halafu nikaunganisha. Ikashika mara ya pili. Bila zulia wala dari, sauti ya silinda sita ndani ya bati tupu haifanani na ile ya barabarani kabisa. Mtoto mdogo alilia. Maji nyuzi 88, yakatulia.

Nikayamwaga yote kabla ya kulala. Mke wangu alikuja kuhakikisha.

Jumatatu, 8 Aprili

Hakuna kazi. Jua limepatwa. Hapa Columbus tunakoishi tulikuwa nje kidogo ya ukanda wa giza kamili, kwa hiyo familia nzima tumepanda kaskazini upande wa Mansfield. Saa tisa na robo hivi mchana ikawa usiku, kukawa na ubaridi, ndege wakanyamaza. Tumeswali swala ya kupatwa kwenye nyasi za maegesho pamoja na Wasomali wawili tusiowajua.

Kurudi nikapitisha gari Lexington, kijiji ambacho uwanja wa Mid-Ohio upo tangu 1962. Geti limefungwa. Nimeangalia tu uzio. "Ndiyo hapa?" akauliza mke wangu. Ndiyo hapa.

Jumamosi, 27 Aprili

Ukaguzi. Bila kitabu cha gari hushindani, na kitabu hupewi mpaka gari lipite. Mkaguzi ni mzee mpole mwenye tochi ya kichwani. Alipima bomba kwenye kale katundu, akaupitisha mkono kuzunguka kila kiungo cha kizimba, na kwenye vile vya juu karibu na paa akasimama. "Nani kachomelea hapa?" Nikamwambia. Akaomba namba yake ya simu, ana rafiki anajenga gari.

Kisha akaniambia niwashe injini na nizime kwa swichi kuu ya nje. Nikazungusha. Taa zote zikazima. Injini ikaendelea kunguruma kama haikusikia.

Aibu ilioje. Swichi imekata betri, lakini altaneta inaendelea kuzalisha umeme na kuulisha mfumo wa moto. Mtu wa uokoaji akija kuzima gari lililogonga, pampu ya petroli ingeendelea kumwaga. Ilitakiwa swichi yenye njia mbili, moja ya betri na moja ya moto wa injini. Saa moja na nusu hapo hapo kwenye maegesho, waya mmoja, viungo viwili. Nikazungusha tena. Kimya.

Kitabu kimepigwa muhuri.

Jumapili, 19 Mei

Bado sijashindana. Kwanza siku ya mazoezi ya wazi Mid-Ohio, vipindi vinne vya dakika ishirini, kisha kozi ya madereva wapya, ndipo leseni.

Uwanja ni kilomita 3.86 kwa njia ya kilabu, unazunguka kama mshale wa saa, na unapanda na kushuka kuliko picha zinavyoonyesha. Kona ya kwanza ni ya kushoto, ya kasi, na moyo ndio unaoamua. Halafu Keyhole, kona ndefu ya kulia inayozunguka mpaka unadhani umepotea. Ukiwahi kukanyaga mafuta unatoka mpana na unaibeba hasara yako kwenye barabara nzima iliyonyooka inayofuata. Mwisho wa mnyooko huo ni China Beach, kona yenye changarawe nje, kwa ajili ya wale ambao breki zimewakataa.

Kipindi cha kwanza nimepitwa na kila mtu, pamoja na Mazda Miata yenye bampa la mbele lililofungwa kwa tepu. Kipindi cha pili nikaanza kuielewa. Ekseli ya nyuma inatulia. Matairi ya mbele nimeyainamisha ndani kwa juu nyuzi 3.2 na yanauma lami upana wote. Maji nyuzi 91, hata kwenye foleni ya kutoka. Shemeji alikuwa ukutani na saa, akipima kila mzunguko: dakika 1:54, 1:53, 1:53.

Kipindi cha tatu, mwisho wa mnyooko, kama kilomita 190 kwa saa, nikakanyaga breki na pedali ikashuka nusu ya njia. Laini, kama kukanyaga andazi. Nikapampu mara mbili, ikarudi kiasi, nikapita China Beach kwa upana kuliko nilivyopenda na tairi mbili zikagusa ukingo. Mkono juu, taratibu, nikaingia ndani.

Padi nzima. Diski nzima. Maji ya breki nimenunua ya mbio, yanayochemka juu ya nyuzi 300. Tatizo ni kwamba chupa niliifungua Novemba, nikajaza nusu, nusu ikakaa kwenye rafu ya gereji mpaka Mei nilipoitumia kutoa upepo magurudumu ya nyuma. Maji ya breki yananyonya unyevu wa hewani. Ile chupa ilishakuwa kitu kingine, na ikachemka. Jirani wa maegesho, mwenye ile Miata, alinipa chupa mpya ambayo haijafunguliwa, akakataa pesa, akashika hata pedali wakati natoa upepo.

Kipindi cha nne: 1:51. Breki ngumu kama jiwe. Kushuka bonde la Thunder Valley na kuingia kona ya Carousel nyuma ya Miata ile ile, karibu kiasi cha kusoma maandishi ya kwenye tepu. Sikumpita.

Shemeji wakati tunafunga gari kwenye trela: "Shem, ungeongeza farasi thelathini tu."

Jumamosi, 25 Mei

Baada ya siku ya uwanja naikata filta ya oili kwa msumeno wa bomba na kukunjua karatasi yake yote juu ya gazeti jeupe. Baba alifanya hivyo kwa filta za malori. Unatafuta vumbi linalong'aa: la shaba ni bearingi, la chuma ni mbaya zaidi.

Mikunjo yote, mmoja mmoja, chini ya taa. Hakuna chuma. Hakuna shaba. Mkunjo wa mwisho kuna kitu chekundu, chembamba kama ukucha uliokatwa. Nikakishika, kikavutika.

Silikoni. Ile ya Novemba, niliyoipaka ya kutosha na ya kuzidi. Imejikata ndani ya sampu. Hiki kimoja kilikuwa chembamba kiasi cha kupita kwenye wavu wa mnyonyo wa pampu na kufika huku. Kinene hakitapita, kitalala pale pale kwenye wavu na kuziba oili nikiwa juu ya mizunguko 6,000.

Kozi ya madereva ni wiki tatu kutoka leo. Nimemwaga oili. Mtambo wa kuning'iniza injini uko kwa mzee wa Uvira, naufuata kesho baada ya alfajiri, na katoni la kulalia nimeshalitandika.